Kidonda Kimoja, Madaraja Mawili: Kwa Nini Wauguzi Hutofautiana Wanapopima Vidonda vya Kulalia

Asubuhi moja hapa Mwanza, wakati wa kukabidhiana zamu, binti wa mzee aliyelazwa kwa kiharusi alinisimamisha mlangoni mwa wodi, mkononi akiwa na shuka safi alilolileta kutoka nyumbani. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuonekana mlalamishi. “Sista, jana mchana niliambiwa kidonda cha baba kiko daraja la pili. Usiku nesi mwingine akasema ni la tatu. Sasa hivi nimeambiwa hicho si kidonda cha kulalia, ni mkojo umemchubua. Nimwamini nani?”

Swali hilo nimelisikia mara nyingi katika miaka yangu ya uuguzi, na kila linapoulizwa, nyuma yake kuna hukumu iliyokwisha kutolewa kimyakimya: ama kidonda kimeoza kwa usiku mmoja, ama muuguzi mmoja hajui kazi yake, ama kuna uzembe unaofichwa. Hayo yote yanaweza kutokea. Hata hivyo, mara nyingi zaidi sababu ni nyingine, nayo ni kwamba kuangalia kidonda na kukipa daraja ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kiasi kwamba wauguzi wawili waaminifu na waliosoma vizuri wanaweza kusimama mbele ya ngozi ileile na kuandika namba mbili tofauti.

Tuanze na kidonda chenyewe. Kidonda cha kulalia, ambacho kwa lugha ya vitabu huitwa kidonda cha mgandamizo, ni eneo la ngozi na nyama iliyo chini yake lililoharibika kwa kubanwa muda mrefu, kwa kawaida mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi: kwenye kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko na kisogo. Kinaweza pia kutokea chini ya kifaa cha tiba, kwa mfano nyuma ya sikio panapopita mpira wa oksijeni au chini ya hogo lililobana. Ukikanyaga mpira wa kumwagilia bustani maji hayafiki upande wa pili, na damu nayo haifiki kwenye nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, hivyo nyama hiyo hukosa hewa na chakula, na hatimaye hufa. Pamoja na kubanwa kuna kuvutwa. Tandika vitenge vitatu juu ya meza, weka kiganja juu yake, bonyeza kisha usukume mbele: cha juu kinakwenda na mkono, cha chini kinabaki, na cha katikati kinajikunja. Hivyo ndivyo tabaka za mwili zinavyofanyiwa mgonjwa anapoinuliwa kichwa cha kitanda halafu akateleza taratibu kuelekea miguuni.

Ili wahudumu waelewane, uharibifu huo hugawanywa katika madaraja manne, mgawanyo ambao umetokana na kazi ya daktari Shea wa mwaka 1975 na umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Katika daraja la 1 ngozi haijachanika, lakini ina wekundu au badiliko la rangi lisilopauka linapobonyezwa kwa kidole. Katika daraja la 2 tabaka la juu la ngozi limetoka, na kidonda ni kifupi kwa kina, chekundu au cha waridi, au ni lengelenge lenye maji maangavu. Katika daraja la 3 ngozi yote imekwisha na mafuta yaliyo chini yake yanaonekana. Katika daraja la 4 kidonda kimefika kwenye msuli, kano au mfupa. Nje ya hayo manne kuna makundi mawili ambayo ndugu wa wagonjwa huambiwa kwa nadra. La kwanza ni kidonda kisichoweza kupewa daraja kwa sababu sakafu yake imefunikwa, na la pili ni jeraha la ndani, ambalo ngozi yake inaweza kuwa nzima juu huku nyama imeshaharibika chini.

Hapa lugha yetu inahitaji uangalifu. Kwa Mswahili, kidonda ni kitu kilichochimbika, kinachotoa maji au damu. Muuguzi akimwambia ndugu kwamba mgonjwa ana kidonda cha daraja la 1, ndugu akifunua shuka na kukuta ngozi nzima, atadhani ametishwa bure. Tatizo hilo si la Kiswahili peke yake, kwani mwezi Aprili 2016 jopo la wataalamu wa Marekani wanaoshughulikia jambo hili liliacha neno lenye maana ya kidonda na kuanza kusema jeraha la mgandamizo, kwa kuwa madhara huanza kabla ngozi haijafunguka. Nami nashauri tuseme daraja na tuache kusema hatua. Hatua hutufanya tufikiri kwamba kidonda hutembea kutoka 1 kwenda 2, kisha 3, kisha 4, na kikipona hurudi kwa njia hiyohiyo. Sivyo. Kuna jeraha linaloanzia ndani kabisa na kujitokeza likiwa tayari limezama, na kidonda cha daraja la 4 kinachopona hakigeuki kuwa cha daraja la 3, kwa sababu msuli na mafuta yaliyopotea hayarudi kama yalivyokuwa, bali shimo hujazwa na nyama ya kovu. Huandikwa kuwa ni daraja la 4 linalopona. Zamu moja ikifuata kanuni hiyo na nyingine ikawa inashusha namba kadiri shimo linavyojaa, faili litaonyesha tofauti ambayo haipo mwilini.

Kukubaliana kwenyewe nako kunahitaji kufafanuliwa. Nenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, uwaombe wanunuzi wawili wazoefu wapange mafungu yaleyale ya dagaa wakavu kwa ubora, kila mmoja peke yake, bila kusikia alichosema mwenzake. Dagaa weupe waliokauka vizuri watawapanga sawasawa, na walioharibika kabisa vilevile. Watatofautiana kwenye mafungu ya katikati. Kiwango ambacho majibu yao yanalingana ndicho tunachokiita uthabiti wa upimaji. Nao uthabiti si sawa na usahihi, kwa kuwa mizani iliyochezewa inaweza kukupa kilo ileile mara kumi na ikawa imekuibia mara zote kumi. Wauguzi wawili wanaweza kukubaliana na wote wakakosea. Lakini wasipokubaliana, angalau mmoja amekosea, na ndiyo maana tunaanza kwa kutazama kukubaliana.

Watu wengi wangepima kukubaliana kwa asilimia, na asilimia hudanganya. Chukua mfano wa kubuni: wagonjwa 100 wanakaguliwa na wauguzi wawili, na kila muuguzi anasema wagonjwa 10 wana jeraha na 90 hawana. Wote wawili wanawataja wagonjwa walewale 4 kuwa na jeraha na walewale 84 kuwa hawana, na kwa 12 waliobaki mmoja anasema ndiyo na mwingine hapana. Wamekubaliana kwa wagonjwa 88 kati ya 100, na mkuu wa wodi angefurahi. Lakini kwa kuwa wagonjwa wengi hawana jeraha lolote, hata wauguzi hao wangejibu kwa kubahatisha tu, kila mmoja akitaja watu 10, bado wangelingana kwa takriban wagonjwa 82. Kazi ya macho yao imeongeza 6 tu juu ya bahati nasibu, wakati nafasi ya kuongeza ilikuwa 18. Sita kwa kumi na nane ni theluthi moja, yaani 0.33. Hesabu hiyo ndiyo kipimo kiitwacho kapa, kilichotolewa na Jacob Cohen mwaka 1960: sifuri ni sawa na kubahatisha, moja ni kukubaliana kikamilifu, na kwa mgawanyo ambao Landis na Koch waliupendekeza mwaka 1977, kukubaliana kwa kiwango kikubwa huanzia 0.61.

Sikuichagua hiyo 0.33 bila sababu. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa Ulaya ambamo wauguzi 1,452 wa nchi tano walionyeshwa picha 20 na kuombwa kuzipanga, kuanzia ngozi isiyo na tatizo hadi daraja la 4, pamoja na michubuko ya unyevu. Kapa ya jumla ilikuwa 0.33. Hao walikuwa wauguzi wa nchi zenye vifaa na mafunzo ya kutosha, wakitazama picha zilizochaguliwa kwa makini, na moja ya sehemu zilizowashinda zaidi ni kutenganisha kidonda cha kulalia na ngozi iliyochubuliwa na unyevu, yaani kilekile alichoniuliza yule binti mlangoni.

Kutenganisha hivyo viwili ni muhimu kwa sababu tiba zake ni tofauti. Ngozi iliyochubuka kwa mkojo na kinyesi inahitaji kusafishwa taratibu, kukaushwa, kupakwa krimu ya kinga na kubadilishwa nepi kwa wakati. Ngozi iliyobanwa inahitaji kuondolewa mzigo kwa kumgeuza mgonjwa na kumpa godoro linalofaa, na krimu yoyote utakayoipaka juu yake haitasaidia kitu akiendelea kuulalia mfupa huohuo. Dalili za kuvitenganisha zipo, ingawa hazina uhakika wa moja kwa moja. Michubuko ya unyevu huenea bila mipaka inayoeleweka, hukaa kwenye mikunjo na huonekana pande zote mbili za makalio zinapogusana, kama wino ulionakiliwa kwenye karatasi iliyokunjwa, wala haifanyi nyama iliyokufa. Kidonda cha mgandamizo hukaa juu ya mfupa, kingo zake huonekana vizuri zaidi, na kinaweza kuwa kirefu. Ugumu ni kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza mara nyingi ndiye pia asiyeweza kuzuia mkojo, kwa hiyo hivyo viwili hukutana mahali pamoja, kimoja juu ya kingine.

Lipo jambo lingine ambalo kwa watu wa huku Ziwani lina uzito kuliko yote, na ambalo naona halijazungumzwa vya kutosha. Maelezo ya daraja la 1 yalijengwa juu ya ngozi nyeupe, ambayo wekundu huonekana juu yake kutoka mlangoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na kupauka baada ya kubonyeza kunaweza kusionekane pia, hata pale damu inapokuwa imeondoka na kurudi kama kawaida. Muuguzi anayetafuta wekundu kwenye ngozi ya Msukuma au Mkerewe atamaliza ukaguzi, ataandika kwamba ngozi ni nzima, na siku tatu baadaye atakuta shimo. Miongozo ya kimataifa sasa inasema wazi kwamba kwa ngozi yenye rangi nzito tusitegemee jicho peke yake. Linganisha eneo hilo na ngozi ya pembeni yake au ya upande wa pili wa mwili. Angalia kama limekuwa jeusi zaidi, la zambarau au la kung'aa, kisha gusa kwa mgongo wa mkono usikie kama lina joto au ubaridi kuliko pembeni, bonyeza taratibu usikie kama limekuwa gumu au limelegea, na umuulize mgonjwa kama panauma. Mwanga wa balbu moja iliyo katikati ya wodi hautoshi. Mwanga wa dirishani ni bora, na usiku hata tochi ya simu inayomulikwa kutoka pembeni hufaa kuliko taa ya juu.

Jeraha la ndani huleta ugomvi wa aina yake. Embe likianguka kutoka mtini, siku hiyohiyo ganda lake huonekana zima, na siku mbili baadaye ukilibonyeza kidole kinazama. Nyama ya mtu iliyobanwa sana karibu na mfupa hufanya vivyo hivyo, na kwa kawaida rangi ya zambarau hujitokeza juu baada ya saa 48 hadi 72. Sasa mfikirie mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki huko Ukerewe, akalala chali kwenye machela ngumu akisubiri kivuko, akavuka ziwa hadi Mwanza, akapokelewa hospitali ya Bugando au Sekou Toure ngozi ikiwa nzima. Siku ya tatu weusi unatokea kwenye kifandugu, na ndugu wanasema hospitali imempa kidonda. Aliyempokea aliandika ukweli, na aliyeona weusi siku ya tatu naye aliandika ukweli. Ndiyo sababu saa za kulala bila kugeuzwa kabla ya kupokelewa zinapaswa kuulizwa na kuandikwa siku ya kwanza, jambo ambalo husahaulika mara nyingi.

Kidonda kilichofunikwa na gamba jeusi au utando mnene wa njano kinafanana na ghuba iliyojaa gugumaji, ambapo ukisimama ufukweni huwezi kusema maji yana kina gani. Anayeandika daraja la 3 kwa kidonda cha namna hiyo anakisia, na wa zamu inayofuata akikisia tofauti, faili litasema kidonda kimebadilika. Jibu sahihi ni kuandika kwamba hakiwezi kupewa daraja kwa sasa. Na gamba la kisiginoni likiwa kavu, gumu, limeshika vizuri, bila uvimbe wala usaha, halibanduliwi ili kujua kilicho chini. Kina cha macho nacho hudanganya mahali pasipo na mafuta, kama kwenye pua, sikio na kifundo cha mguu, ambapo kidonda kifupi sana kinaweza kuwa tayari cha daraja la 3 au la 4.

Ipo pia namba nyingine ndani ya faili inayochanganywa na daraja. Ndugu mmoja aliwahi kuniuliza kwa hofu kwa nini baba yake ana daraja la 14. Ile ilikuwa alama ya kipimo cha Braden, kilichochapishwa mwaka 1987 na Barbara Braden pamoja na wenzake, ambacho hakipimi kidonda bali hatari ya kukipata, kwa kuangalia hisia, unyevu, kujisogeza, kutembea, lishe na msuguano. Alama zake huanzia 6 hadi 23, na kadiri zinavyopungua ndivyo hatari inavyoongezeka.

Lugha ya saa nayo imetuletea kosa ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kulitaja. Wauguzi hufundishwa kueleza kidonda kama uso wa saa, ambapo kichwa cha mgonjwa kiko kwenye namba 12 na miguu kwenye namba 6. Kwa Kiingereza hakuna utata. Kwa Kiswahili, mshale ukielekea namba 12 tunasema saa sita. Muuguzi akiripoti kwa mdomo kwamba kuna pango chini ya ngozi upande wa saa sita, mwenzake mmoja atatafuta kichwani na mwingine miguuni. Akisema saa tatu, mmoja ataenda kwenye namba 9 na mwingine kwenye namba 3. Mimi nimeacha kabisa kutaja saa kwa mdomo. Nasema upande wa kichwa, upande wa miguu, kulia kwa mgonjwa, kushoto kwa mgonjwa, na nimeona makosa ya ripoti yakipungua kwa hilo tu.

Imani mbili au tatu huvuruga upimaji kabla muuguzi hajafika kitandani. Wapo wanaosugua kwa nguvu eneo lililobadilika rangi ili damu itembee, ilhali kusugua juu ya mfupa huumiza nyama iliyokwisha kuchoka na huacha wekundu mpya unaompotosha anayekagua. Wapo wanaoweka pete ya kanga iliyokunjwa chini ya makalio au glavu zilizojazwa maji chini ya visigino. Pete huhamishia mgandamizo kwenye duara la pembeni, na glavu haibebi kisigino sawasawa. Bora mto uwekwe chini ya shavu la mguu kisigino kikabaki hewani. Na wapo wanaoamini kwamba kidonda cha kulalia ni tangazo la kifo, kwa hiyo huficha mabadiliko ya mwanzo kwa huzuni au kwa aibu. Vingi vya vidonda hivi huzuilika, na vya mwanzo hupona mzigo ukiondolewa mapema.

Asubuhi ile nilimwomba yule mwenzangu wa zamu ya usiku asiondoke kwanza. Tulifunga pazia, tukamwarifu mzee tunachotaka kufanya, tukamgeuza kwa upande wa kushoto, na binti yake akashika tochi ya simu. Kwa mtazamo wa kwanza kila muuguzi aliyekikagua alikuwa sahihi. Makalio yote mawili yalikuwa na mabaka mekundu yenye majimaji, yanayotazamana, bila mipaka: mkojo. Juu ya kifandugu kulikuwa na kidonda chenye kingo zinazoonekana, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, na katikati yake utando wa njano, ule ambao usiku ulimfanya mwenzangu aandike la tatu. Tulikisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kusubiri kidogo. Ile njano ikatoka yote pamoja na pamba, kwani ilikuwa krimu ya zinki iliyokauka, na chini yake sakafu ilikuwa fupi, ya waridi, bila mafuta wala nyama iliyokufa. Daraja la 2, pamoja na michubuko ya unyevu kuizunguka.

Kisha nilipitisha mgongo wa mkono kwenye ngozi nyeusi iliyo juu ya kidonda, ambayo kwa macho ilikuwa nzima na haikutajwa na yeyote kati ya wauguzi watatu waliokagua. Palikuwa na joto, upana wa karibu kiganja, na nilipobonyeza palikuwa pagumu kama ngozi ya ngoma. Mwenzangu akagusa, akaitikia kwa kichwa. Binti akauliza kama naye anaweza kugusa. Aliweka mkono hapo, akauhamishia mgongoni juu zaidi, akaurudisha. “Kweli, hapa pana moto,” akasema.

Tuliandika tulichokiona kabla ya kuandika namba: mahali, urefu na upana kwa sentimita, rangi ya sakafu, hali ya kingo, joto na ugumu wa ngozi ya juu, mwanga tulioutumia, na kwamba kidonda kilisafishwa kabla ya kukaguliwa. Namba ilikuja mwisho. Mzee hakulazwa tena chali, akawa anageuzwa kulia na kushoto kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, na binti yake alikuwa akiweka mgongo wa mkono wake mahali palepale kila alipofika na uji wa asubuhi. Siku ya nne alinifuata kwenye meza ya dawa kabla sijapita kitandani, akaniambia pamepoa.